Sababu ya kumpiga ilifika wapi? Hotuba ya 2 Novemba 1978 na mkutano wa Moshi

Mtanzania yeyote aliyepita shule ya msingi anayajua maneno haya, hata kama tarehe imemtoka: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Mwalimu Nyerere aliyasema tarehe 2 Novemba 1978 katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, mbele ya wazee wa jiji, na redio ikayapeleka nchi nzima. Tangu hapo yamekuwa mali ya kila mtu. Mashabiki wa mpira wanayatumia kabla ya mechi, wagombea wanayatumia jukwaani, na kila mmoja anayapanga kwa mfuatano wake. Hapa nataka kuyarudisha kwenye kazi iliyoyazaa, yaani kuwaeleza watu kwa nini nchi yao inaingia vitani dhidi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, na kuyapima kwa kazi hiyo.

Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita hapa Moshi. Kila nikifika kwenye Vita vya Kagera nawasikilizisha wanafunzi rekodi ya hotuba, na mara nyingi darasa zima linatamka pamoja na sauti. Mwaka mmoja binti wa kidato cha sita alisubiri makofi ya kwenye rekodi yaishe, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama sababu ilikuwa Kagera, jeshi letu lilifuata nini Kampala?"

Ndilo swali la uchambuzi huu. Jibu langu ni kwamba hotuba ya Novemba ilihalalisha vita vya kumtoa Amin Kagera, na iliifanya kazi hiyo vizuri kuliko hotuba nyingi za vita ninazozijua. Vita vya kumtoa Amin Kampala haikuvihalalisha. Hivyo vilihitaji sababu nyingine, na sababu hiyo ilitafutiwa sura hapa hapa Moshi, Machi 1979, wakati jeshi limeshavuka mpaka kitambo.

Kwanza kilichotokea. Mpaka wa Tanzania na Uganda, magharibi mwa Ziwa Victoria, haufuati mto. Unafuata mstari ulionyooka ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1890, digrii moja kusini mwa ikweta, unaopita Mutukula. Mto Kagera uko kusini zaidi, na kati ya mstari na mto kuna ardhi ya maili za mraba zipatazo 700. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi hiyo mwisho wa Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba sasa ni sehemu ya Uganda na mpaka mpya ni mto. Raia wanaokadiriwa kufika 1,500 waliuawa, wanawake walibakwa, ng'ombe waliswagwa kwa maelfu kuvuka mpaka, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Siku moja baada ya hotuba, daraja la Kyaka nalo likalipuliwa.

Kwa hiyo Nyerere aliposema sababu tunayo, hakuhitaji kuieleza sana. Hakulazimika kumwaminisha msikilizaji juu ya hatari itakayokuja kesho, wala juu ya silaha zilizofichwa ambazo yeye peke yake ameambiwa habari zake. Ardhi imechukuliwa, na aliyeichukua ametangaza mwenyewe redioni. Huu ndio msingi wa nguvu ya hotuba ile. Kiongozi anayeitetea vita kwa jambo ambalo msikilizaji anaweza kulithibitisha bila kumtegemea yeye, amejifunga kwa jambo hilo. Anayeitetea kwa jambo lisiloonekana anaweza kulibadilisha kila wiki, na wananchi wasijue lini sababu imekwisha.

Katika yale maneno matatu, ni moja tu linalohalalisha. Nia na uwezo hata jambazi anavyo. Kwa nini basi Nyerere aliyasema yote? Nadhani kwa sababu alikuwa na wasikilizaji watatu. Sababu ilikwenda kwa dunia, hasa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Nia ilikwenda kwa marafiki waliokuwa wameanza kushauri suluhu, na katika hotuba hiyo hiyo aliwaomba waache maneno hayo. Uwezo ulikwenda kwa wananchi na kwa askari wenyewe.

Uwezo, kwa kweli, siku ile ulikuwa ahadi. Jeshi lilikuwa na watu wasiofika 40,000, wengi wao wakiwa mbali sana na Kagera, na barabara za kwenda huko zinajulikana zilivyokuwa. Ilibidi malori na mabasi ya raia yachukuliwe, mgambo waitwe, treni zipakiwe mchana na usiku, hadi idadi ya walio chini ya silaha ikapita 100,000.

Mzee mmoja wa Majengo alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara hapa mjini wakati huo. Nilimpigia shikamoo barazani kwake, akaniitikia na kunisogezea kigoda, nikamuuliza alielewa nini siku ile. "Mwanangu, sisi tulisikia kumpiga," akasema. "Hayo mengine tuliyajua baadaye. Lori lilichukuliwa, na mimi nikaenda nalo." Walipakia magunia ya sembe na maharage, na juu yake masanduku ambayo hakuna aliyewaambia yana nini. Kuanzia Singida vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba dereva aliangalia taa ya lori la mbele, mchana kweupe. Alipofika Mwanza ndipo alipojua anakokwenda. Nilimuuliza kama aliwahi kujiuliza iwapo vita vile ni halali. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa iwapo ni halali kuzima moto nyumbani kwake.

Nimemleta mzee huyu kwa sababu ushuhuda wake unaonyesha hotuba ilivyofanya kazi. Kinachobebwa na msikilizaji ni kitenzi. Na kitenzi chenyewe kilikuwa na mtendwa mmoja: kumpiga, wala si kuwapiga. Adui ni Amin. Waganda hawamo. Jambo hilo halikuwa dogo, maana Wahaya na watu wa kusini mwa Uganda wana lugha zinazokaribiana na ndoa za kuvuka mpaka, na miezi michache baada ya hotuba askari wetu wangehitaji kupokelewa na wanakijiji wa Uganda kama wageni wanaotarajiwa. Walipokelewa hivyo, kwa sehemu kubwa.

Ila sitaki tuamini kwamba adui mmoja katika maneno ni adui mmoja katika vitendo. Sisi wa kanda hii tuna sababu ya pekee ya kulijua hilo. Pale Arusha, katika jengo la kituo cha mikutano cha AICC, ndipo ilipokaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na moja ya makosa yake lilikuwa maneno aliyoyasema mbele ya mkusanyiko wa watu huko Gishyeshye tarehe 19 Aprili 1994. Mahakama iliona kwamba aliwahimiza waungane dhidi ya adui mmoja, yaani washirika wa Inkotanyi, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Rwanda. Naye alisema mmoja! Lakini mshirika hana jina wala uso. Waliomsikiliza walielewa ni Watutsi wote, naye alijua watakavyomwelewa, na mauaji yakaongezeka Taba.

Tofauti basi haimo katika umoja wa neno. Imo katika swali la nani anaweza kuonyeshwa kwa kidole. Amin alikuwa mtu mwenye jina, cheo na ikulu, aliyetangaza mwenyewe alichofanya. Hakuna mkulima wa Masaka ambaye angeweza kugeuzwa Amin kwa sababu ya sura yake au lugha yake. Hata hivyo baada ya ushindi watu wa West Nile, alikotoka Amin, walilipizwa kisasi na jeshi jipya la Uganda miaka ya 1980 na 1981, na maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Nyerere hakuwataja watu hao katika hotuba yake. Lakini vita alivyovitangaza viliwaweka mikononi mwa watu waliokuwa na orodha yao wenyewe ya maadui.

Kuna mambo hotuba ile haikuyasema, na uchambuzi usioyagusa ni sifa tu. Nyerere hakuwahi kuutambua utawala wa Amin tangu mapinduzi ya 25 Januari 1971. Alimpokea Obote, Rais aliyepinduliwa na Amin, na Septemba 1972 wapiganaji wa Obote waliivamia Uganda wakitokea Tanzania. Sehemu ya mpango huo iliharibikia hapa kwetu. Ndege ya DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilichukuliwa kwa siri ili ibebe wapiganaji hadi Entebbe, ikatua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, na magurudumu yakapasuka, safari ikaishia hapo. Uwanja huo tunapita mbele ya barabara yake kila tukienda Arusha. Walioingia kwa nchi kavu walishindwa, Amin akaipiga kwa ndege miji ya Bukoba na Mwanza, na Oktoba mwaka huo huo nchi mbili zikatia saini Mapatano ya Mogadishu: kila upande uondoe majeshi yake umbali wa kilometa 10 kutoka mpakani na uache kuwasaidia wapinzani wa mwenzake.

Amin alilitumia hilo. Naye alisema anajitetea, kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza. Kila kiongozi anayeingia vitani husema anajitetea, kwa hiyo neno hilo peke yake halitusaidii kitu. La kupima ni kama alichokifanya kinafanana na kujitetea. Mtu anayelinda mpaka wake hauhamishi hadi mtoni. Hapo utetezi wa Amin unaanguka, tena kwa tangazo lake mwenyewe. Lakini mwanafunzi anayeambiwa kwamba uvamizi wa 1978 ulikuja kama radi mchana hajaambiwa yote, na kwa maoni yangu hoja ya Tanzania haipungui hata kidogo kwa kuieleza miaka saba iliyotangulia. Uhasama huo uliigharimu Arusha kabla ya kuigharimu Kagera: Nyerere alikataa kukaa meza moja na Amin, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakukutana tena baada ya 1971, na jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kwa sababu hii na nyingine nyingi, makao yake makuu Arusha yakabaki majengo yasiyo na mwenyewe. Ndiyo hayo yaliyokuja kuwa AICC.

Sasa turudi kwa swali la yule binti. Katikati ya Novemba 1978 Amin alitangaza kwamba anayaondoa majeshi yake. Sababu iliyotajwa Diamond Jubilee ikaanza kupungua uzito, maana ardhi inarudi. Tanzania ilitaka zaidi ya hapo: Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani Amin, alipe fidia, aahidi kutorudia. Umoja haukumlaani. Ulipendelea kupatanisha, kana kwamba aliyevamia na aliyevamiwa wamegombania kiti. Nyerere aliumizwa na hilo, na naona alikuwa na haki ya kuumia. Januari 1979 jeshi letu likachukua Mutukula, ng'ambo ya mpaka, na hoja ya kijeshi ilieleweka: pale ni juu, na mizinga iliyowekwa pale inaipiga Kagera. Hadi hapo bado naiona ile sababu ya kwanza, imenyooshwa lakini haijakatika. Tarehe 24 Februari Masaka ikatekwa. Machi 10 na 11, huko Lukaya, askari wetu wakapambana na jeshi la Amin likisaidiwa na Walibya, na kulishinda. Barabara ya Kampala ikawa wazi.

Hapo ardhi ya Kagera haikuwa hoja tena. Na Nyerere alikuwa na shida ambayo marais wengine wa Afrika hawakuwa nayo kwa kiwango chake. Mwaka 1964, kwenye mkutano wa Cairo, yeye ndiye aliyewasilisha azimio la kuheshimu mipaka tuliyoirithi. Hakuweza kusema waziwazi kwamba nchi moja ya Afrika inakwenda kuiangusha serikali ya nyingine. Akasema kuna vita viwili. Watanzania wanapigana kulinda usalama wa nchi yao, na Waganda wanapigana kumwondoa dikteta wao. Cha pili si chetu.

Ili maneno hayo yasimame, walihitajika Waganda wanaoonekana kupigana wakiwa kitu kimoja, na hawakuwepo. Walikuwepo watu wa Obote, watu wa Museveni, wasomi wa Nairobi na Dar es Salaam, watu wa Buganda waliokuwa hawataki kulisikia jina la Obote. Ndipo wakaitwa Moshi, Machi 24 hadi 26. Nyerere alimshauri Obote asije, naye hakuja. Ulizaliwa Muungano wa Ukombozi wa Taifa la Uganda, UNLF, mwenyekiti wake akiwa Yusuf Lule, mzee aliyewahi kukiongoza Chuo Kikuu cha Makerere na ambaye hakuwa na jeshi. Kulikuwa na baraza la mashauriano na kulikuwa na tume ya kijeshi, na mabishano ya nani ana nguvu kuliko mwenzake yalianza kabla wajumbe hawajapanda magari.

Ukitazama tarehe utaona ugumu ninaousema. Mkutano ulifanyika mwezi mmoja baada ya Masaka na wiki mbili hivi kabla ya Kampala kuanguka, Aprili 11. Kitendo kilitangulia, uhalali ukafuata. Mjini kwetu hapa watu wanaujua mkutano huo kama heshima kwa Moshi, na ni heshima. Lakini wajumbe wale walikuja pia kukamilisha maelezo ya vita ambavyo vilikuwa vinakaribia kwisha.

Mimi ni katika wanaoamini kwamba Amin alistahili kuondolewa. Alikuwa ameua raia wake kwa miaka minane huku viongozi wenzake wakimpa hata uenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1975, na Nyerere alikuwa mmoja wa wachache waliosusia mkutano ule wa Kampala. Kumwacha akiwa na jeshi lililovuka mpaka mara moja kulikuwa na hatari ya wazi. Tena sababu ya pili, ya kuwaokoa watu wanaochinjwa na mtawala wao, naiona nzito kuliko ya kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo ilistahili kuelezwa kwa uwazi ule ule. Wananchi waliombwa kumpiga mtu aliyeingia kwao. Kisha wakapelekwa kuikomboa nchi nyingine, na Nyerere aliendelea kuzungumza nao miezi ile yote, lakini hakuna maneno ya kipindi hicho waliyoyabeba. Muulize mtu yeyote sokoni Mbuyuni sababu ya kufika Kampala, atakurudishia maneno ya Novemba.

Na gharama ilikuja baada ya Kampala. Inakadiriwa vita viligharimu dola milioni 500 za Marekani. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Bei ya mafuta duniani ikapanda mwaka huo huo, mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977 na haukufunguliwa hadi 1983, na hapa Kilimanjaro, ambapo Holili ni mwendo mfupi tu, sabuni na mafuta ya kula vilipita porini kwa magendo au havikupatikana kabisa. Miezi 18 ikapita, mkanda ukabaki umefungwa.

Leo Ibara ya 44 ya Katiba inamtaka Rais akitangaza hali ya vita ampelekee Spika nakala ya tangazo, na Bunge liitishwe ndani ya siku 14 lifikirie kuliunga mkono. Nalipenda sharti hilo, ila linahusu tangazo la kwanza. Halisemi nini kifanyike vita vinapobadilika sababu katikati ya safari, na ndipo kisa chetu kilipokuwa na tatizo.

Lule aliapishwa Aprili 13. Juni 20 akaondolewa na baraza lile lile lililoundwa Moshi, baada ya siku 68. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi huko Monrovia, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliishambulia Tanzania kwa kuingilia mambo ya nchi nyingine. Nyerere alijitetea kwa hoja ya vita viwili, na Uganda ikamtetea kwa mdomo wa Godfrey Binaisa, Rais ambaye hata Moshi hakuchaguliwa. Waganda wenyewe hawakuulizwa hadi uchaguzi wa Desemba 1980, askari wetu wakiwa bado huko. Obote akatangazwa mshindi, walioshindwa wakasema kura zimeibwa, na Februari 1981 Museveni, mmoja wa waliokaa kwenye vikao vya Moshi, akaingia msituni.